Nimemsema Mama wa Basi Msibani

Leo nimejivua nguo mbele za watu, tena msibani. Wenzangu wa baraza hii ya mtandaoni, someni polepole, maana aibu yenyewe bado haijanitoka.

Nilikwambieni kuwa Mwalimu Gwyn wa skulini kwetu kafariki wiki hii kwa maradhi ya moyo. Mtu wa Wales (ukimwita Mwingereza alikuwa hakusemeshi mpaka jioni). Hapa Maskati hakuwa na mke wala mtoto. Dada yake ndiye aliyekuja kumchukua. Basi leo baada ya Alasiri, mimi na Bi Salma, mkuu wetu wa skuli, tukaenda Mabela nyumbani kwa marehemu kumpa pole huyo dada.

Tulimkuta kakaa peke yake baina ya makasha ya vitabu. Bibi wa makamo, mwembamba, macho mekundu. Tukampa pole, tukammiminia kahawa tuliyokwenda nayo. Halafu kimya. Na mimi kimya hakinikai (mnanijua).

Nikaona nimliwaze. "Kaka yako akituchekesha sana," nikamwambia kwa Kiingereza. "Hasa kwa visa vya Mama wa Basi."

"Mama wa Basi ni nani?"

Bi Salma akanikanyaga mguu. Nikadhani nimekalia buibui lake. Nikasogea, nikaendelea.

Nikamweleza kuwa ni mwanasiasa wa huko kwao. Alianzia kwenye baraza la mji, akidai basi moja tu lifike bondeni kwao kuwachukua wazee kwenda hospitali. Wakamkatalia. Akawa kila kikao anakuja na wazee wenyewe, na chupa zao za chai, hawaondoki mpaka taa zizimwe. Wales walipopata bunge lao, mambo yao wasingoje kuamuliwa London, akagombea akaingia. Hotuba yake ya kwanza, basi. Ya pili, basi. Waziri akimwona ukumbini, anatokea mlango wa jikoni.

"Gwyn akisema hata punda wangemwomba apunguze ukaidi," nikamalizia. Na nikamwigiza (Mola nisamehe), kidole juu, sauti ya puani, kama Gwyn alivyokuwa akifanya.

Bi Salma akafumba macho.

Yule dada akaweka kikombe chini. "Na hilo basi lilipatikana?"

"Hatujui. Kila tukimwuliza, anasema bado anapigana."

"Limeanza mwezi uliopita," akasema. "Sikumwambia. Nilitaka akija likizo tulipande pamoja."

Jamani. Nikamtazama Bi Salma, naye anatazama dari. (Alijua tangu jana kuwa Mama wa Basi ndiye huyu. Kuniambia mimi ndiko alikosahau.)

"Nisamehe, mheshimiwa," nikasema.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu nikaona si kicheko tena. Bi Salma akaenda kukaa karibu yake, akamshika mkono.

"Kila nikimpigia simu, akinambia siasa zinamchosha," akasema alipotulia. "Nikadhani hasikilizi. Kumbe hotuba zangu zote kazijua." Akajifuta macho. "Niambie vyengine."

Nikamwambia vyote, pamoja na kile cha kuku aliyeingizwa barazani. Maghrib ikatukuta hapo hapo.

Tulipoaga, akanizuia mlangoni. Kesho tunamuaga Gwyn skulini kabla hajasafirishwa. "Naomba uzungumze wewe," akasema. "Umwambie kila mtu alivyokuwa akinisema. Na ile sauti ya puani usiiache."

Ningekataa vipi? Kesho basi nnasimama mbele ya walimu, wazazi na mtu wa ubalozi, kumwigiza mbunge naye ananitazama usoni. Mtakaokuja, nawaombeni, anayetaka kucheka atoke nje kwanza. Mimi mwenyewe sijui kama nitaanza kwa kucheka au kwa kulia.