Vita vya Kastori na Nyuzi Nne

Sogeeni, enyi wa migombani na enyi wa mjini, mtege masikio mpate habari za Kastori wa Kibosho, simba wa besi la kusimama, mbeba ala inayomzidi kimo, aliyeipiga katika kwaya ya parokia miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo asitokee kiumbe wa kuisikia.

Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tatu, wiki ya kuelekea Pentekoste, nyuzi za besi zikakatika. Hilaria, mwalimu wa kwaya, akatoa amri: "Kastori, Jumapili besi lisiposikika hata na mtu mmoja, tunaleta kinanda cha umeme. Chenyewe hakichukui nafasi ya nusu ya kanisa."

Shujaa akaliona kaburi lake. Akalifunga besi juu ya pikapu, akateremka Moshi. Na njia nzima watu wakavua kofia wakidhani ni jeneza, naye akazipokea pole zao kama mfalme apokeavyo kodi.

Dukani kwa Gidioni, ambaye tangu biashara iachiwe huru aliuza kila kitu kuanzia betri hadi rozari, yalisimama majeshi mawili: nyuzi za chuma, zing'aazo kama mikuki, na nyuzi za utumbo wa kondoo, zilizopitia mpaka wa Tarakea ndani ya gunia la vitunguu na bado zikinuka safari.

"Shikamoo mzee. Chukua za chuma," akasema Gidioni. "Hizo nyingine panya watadhani supu."

"Marahaba! Ewe muuza betri, wanifundisha sauti mimi? Zilete zote! Leo zitapambana mbele yangu, na ulimwengu ushuhudie!"

Ulimwengu ulikuwa wanawake wawili waliofuata sabuni. Kutwa nzima Kastori akafunga, akafungua, akakaza, akatoka jasho. Za chuma zilipiga kelele hata mbwa wakaitikia. Za utumbo zikanguruma chini kwa chini, zikamwingia kifuani.

"Utumbo!" akatangaza, utadhani ameuteka mji wa Himo.

Jumapili sauti arobaini zikamfunika kama kawaida. Hilaria akatega sikio, akatikisa kichwa. Ndipo Bibi Anyesi, kiziwi wa benchi la mbele, akageuka kwa ghadhabu na kupaza sauti katikati ya wimbo: "Nani huyo anatikisa benchi?"

Kastori akabubujikwa machozi. Hilaria, mtu wa neno lake, akaifuta habari ya kinanda.

Basi na iandikwe, vizazi vyote visome, kwamba siku ile besi la Kibosho lilisikika: na mtu mmoja, kwa makalio.