Taji la Spoki na Maua ya Jirani

Jumatano, 4 Juni
Miezi mitatu tangu nimuoe mama yake Kifaranga, na mtoto bado ananiita Fundi. Kama mteja! Leo asubuhi: Fundi, naomba chumvi. Mke wangu anasema nisimharakishe, mtoto si nati ya kukaza kwa spana. Rahisi kusema.

Jumamosi Kifaranga anatimiza miaka saba. Anataka taji la maua mabichi, na eti atatengenezewa na jirani, fundi cherehani. Huyo wanamwita Shangazi ilhali hana undugu na yeyote humu ndani! Nikadakia kwamba taji nitatengeneza mimi. Kifaranga akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama najua kusuka. Nikasema najua sana. Sijui hata kidogo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefikiri. Maua hulegea, chuma hakilegei. Mimi ni fundi baiskeli, nihangaike na vikonyo vya nini? Nimekunja spoki mbili zikawa duara. Safi kabisa! Kupima ndiyo ilikuwa shida, maana Kifaranga hataki nimshike kichwa. Nikapimia sufuria ya uji. Kwa macho vinalingana.

Nikaficha duara chini ya kitanda. Mdogo wake Bonge, wa miaka minne, akalikuta mara moja, akaliviringisha uani akipiga honi kwa mdomo. Nikamhonga biskuti asiseme. Akala biskuti, akaenda kusema.

Ijumaa, 6 Juni
Balaa. Bustani yetu ina maua sita, manne yana wadudu. Ng'ambo ya ukuta, kwa fundi cherehani, yamejaa tele: ya njano, meupe, ya zambarau. Mchana alipoingia ndani kumpima mteja, nikaruka na mkasi. Suruali imechanika, lakini nimepata shada zima. Nimeliweka kwenye friza likae bichi mpaka kesho. Nani kasema sina akili!

Jumamosi, 7 Juni
Friza imeyaua. Yametoka meusi, yamelegea, yanachuruzika maji. Nikakaa jikoni nimeshika tama, na wageni wanakuja saa nane. Bonge akacheka. Kifaranga hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema tu nikatafute mengine, yenye vikonyo virefu.

Nikaruka ukuta tena.

Tukakaa watatu kizingitini. Kifaranga akanionyesha: vikonyo vitatu, unasuka kama nywele, kila ukivusha kimoja unaongeza ua. Vidole vyangu vina grisi, nikachafua meupe yote. Bonge alikuwa mtu wa kunyunyiza maji. Alininyunyizia mimi. Lakini jamani, tulisuka! Bega la mtoto lilinigusa na hakulisogeza. Nilifurahi mpaka nikaogopa kupumua.

Kisha nikaharibu. Nikang'ang'ania tufunge msuko kwenye spoki zangu. Kifaranga akavaa, taji likapita pua, likapita kidevu, likatua mabegani. Kipimo cha sufuria! Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akalivua. Akazing'oa spoki, akazungusha msuko kichwani mwake, akanipa uzi nifunge. Likakaa sawasawa. Malkia!

Saa nane fundi cherehani akaingia na zawadi. Akalitazama taji kwa muda mrefu. Akauliza maua mazuri hivyo nimeyapata wapi. Nikajibu sokoni. Hapo Kifaranga akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: uongo, Shangazi, Baba kaiba kwako, karuka ukuta mara mbili!

Baba. Nimesikia kwa masikio yangu.

Mke wangu akajishika kichwa. Fundi cherehani akadai niombe radhi mbele ya wageni wote, halafu nimwagilie bustani yake mwezi mzima. Nikakubali kila kitu, meno yote nje. Wageni wakadhani nimerukwa na akili.

Jumapili, 8 Juni
Asubuhi nzima nimemtega alirudie neno Baba. Nimempa chapati yangu. Nimejifanya naumwa jino. Nimeangusha sahani. Jibu: Fundi, umevunja sahani.

Nimekaa nimelipima jambo hili, na sasa naliona wazi. Ananiita Baba akinishitaki. Sahani ni kosa dogo mno. Ninachohitaji ni kosa la maana.

Sasa hivi niko kwa jirani namwagilia, nimeegemea ukuta naandika. Pembeni kuna waridi moja jekundu ambalo mwenyewe haruhusu mtu hata kulinusa. Mkasi ninao mfukoni. Kifaranga amekaa dirishani kwetu. Nimempungia mkono, asije akakosa kuona.