Bei ya Nyapara

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mwaija kauza mbuzi wake wote. Kanipa laki mbili na nusu mkononi, niende Ngombezi nikamnunue punda wa Mzee Obadia, yule mstaafu wa mashamba ya mkonge. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nesi wa zahanati kamkataza kubeba ndoo, maana mimba ya mwaka jana ilitoka njiani, akirudi kutoka lambo na maji kichwani. Kaniambia nisihangaike na bei. Mzee kataja laki mbili na nusu, ni bei ya haki, nitoe tu, nimlete punda.

Nisihangaike na bei! Mke wangu hajui kaolewa na nani. Kwaluguru nzima hakuna anayejua kupatana kama mimi. Punda mzee hazidi laki na nusu. Laki itakayobaki nimeshaipangia kazi: dukani kwa Pritesh, Korogwe mjini, kuna sabufa yenye taa za rangi.

Jumatano, 4 Septemba

Nimefika Ngombezi, kambi ya wafanyakazi. Punda anaitwa Nyapara. Mzee Obadia kakata mkonge ujana wake wote akifokewa na manyapara, akaapa kwamba siku moja na yeye atakuwa na nyapara wa kumwamrisha.

Nikampa shikamoo, nikaanza kazi. Mbinu ya kwanza ni kasoro. Unazitaja moja moja, na bei inashuka nazo. Nikampanua punda mdomo. Kabla sijasema neno, mzee kayasema yote mwenyewe: meno yamekwisha, miaka ishirini inakaribia, bega la kushoto lina kovu, madumu manne hawezi tena, nimbebeshe mawili. Angekuwa kijana angemuuza laki nne. Anamuuza kwa sababu macho yake yeye mzee yamefifia, punda akitoka hapo hawezi kumtafuta.

Kanimalizia kasoro zote! Mtu mzima hana hata aibu.

Mbinu ya pili haijawahi kunitupa. Unataja bei yako, ukikataliwa unageuka na kuondoka taratibu. Muuzaji lazima akuite. Nikasema laki na nusu. Mzee akasema hapana, mwanangu. Nikageuka. Nikaenda taratibu. Nikafika kwenye bomba la maji, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa kandambili. Hakuniita. Nikafika barabarani. Hakuniita. Nikafika nyumbani.

Labda na masikio yamekwisha, ila hilo hakulitaja.

Mwaija kauliza punda yuko wapi. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Kachukua ndoo, kaenda lambo.

Jumamosi, 7 Septemba

Balaa! Jirani yangu Twaha, katibu wa kamati ya maji, naye anamtaka Nyapara. Pesa anazo, anaondoka keshokutwa. Na Twaha ni mtu wa kulipa bei aliyotajiwa. Watu kama hawa ndio wanaoharibu soko.

Nimemvuta pembeni. Nimemwambia, kwa siri, kwamba yule punda anatoka mapovu usiku, na ng'ombe wawili waliokunywa naye maji wamekufa. Twaha kashika kichwa. Kisha kanishukuru! Nikapanda gari mpaka Ngombezi, nikampa siri hiyohiyo mama wa chai wa kambini. Nikanywa chai, nikarudi. Hakuna haja ya kuwaambia wengine.

Mwaija kaenda lambo mara mbili leo. Akikaa anashika kiuno. Nimemwambia avumilie kidogo, bei inashuka. Kasema rahisi ni ghali. Maneno ya kwao Mashewa hayo.

Ijumaa, 13 Septemba

Ushindi! Laki moja na ishirini!

Wanunuzi wamekimbia wote. Kambini punda kafukuzwa bombani kwa mawe, ana jeraha juu ya jicho. Mzee Obadia kasema mimi peke yangu ndiye sikuogopa maneno ya watu, Mungu anilipe. Kaniomba jambo moja tu, nimpe Nyapara maji asubuhi na jioni. Kisha akampapasa masikio, shingo, mpaka lile kovu la begani. Alikawia. Nikafuta macho kwa kiganja. Vumbi la pale ni baya sana.

Nikapita kwa Pritesh. Sabufa imekuja nyumbani juu ya mgongo wa punda. Tumetembea, tumelala njiani kwa watu, tumetembea tena. Hafanyi haraka huyu mnyama.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimezuiwa lambo. Mimi! Twaha alisimama na fimbo mbele ya watu wote, akasema Nyapara asikanyage pale, wala dumu lililopanda mgongoni mwake lisitumbukizwe. Tena kwa upole. Kasema ushahidi umetolewa na ndugu yetu Sabiri mwenyewe, ambaye bila shaka kamchukua punda yule kwa huruma tu, na tumshukuru kwa kututahadharisha mapema. Watu wakanipigia makofi.

Ningesema nini? Kwamba nilidanganya? Habari ingefika Ngombezi kabla ya jua kuzama, na mzee angetaka pesa yake iliyobaki. Nikapokea makofi.

Sasa punda haendi kwenye maji, maji ndiyo yanamfuata nyumbani. Anakunywa ndoo mbili kwa siku. Mgongo wangu mimi si mzuri tangu ile safari. Mwaija anabeba ndoo zetu, na za punda juu yake.

Sabufa haiwaki. Sola yetu ni ya kuwasha taa moja.

Alhamisi, 19 Septemba

Asubuhi Mwaija kaanguka akitoka lambo. Maji yalimwagika, na damu. Wanawake walipiga kelele. Twaha alikuja mbio mpaka uani kwangu, akamfungua Nyapara, hakukumbuka tena mapovu. Wakampakia Mwaija. Yule punda mzee alitembea bila kutikisika, kama kabeba mayai, mpaka barabarani.

Barabarani kulikuwa na Kaleb na gari lake la Noah. Kumfikisha Korogwe hospitali, elfu themanini. Nikasema hamsini. Kaleb akasema kaka, tazama mkeo. Nikasema hamsini na tano. Akakataa. Nikageuka, nikaondoka taratibu. Wallahi sikukusudia. Miguu ilikwenda yenyewe.

Nikangoja kuitwa. Nikasikia mlango wa gari. Kutazama nyuma, Mwaija kafungua pindo la kanga, kampa Kaleb noti zote bila kuzihesabu. Wanawake wawili wakaingia naye, gari likaondoka. Mimi nikabaki na Twaha na punda.

Naogopa. Sijui niandike nini kingine. Naogopa.

Jumapili, 22 Septemba

Mtoto wa kike. Mzima! Mdogo mno, kafungwa kifuani kwa mama yake, unaona kofia tu. Daktari kasema wangecheleweshwa kidogo tu, wote wawili wasingepona. Nililia pale koridoni, mbele za watu, kamasi na kila kitu.

Mwaija hakulia. Kasema akiruhusiwa anakwenda kwa mama yake Mashewa. Atarudi Kwaluguru siku Nyapara atakapoteremka lambo na madumu mawili mgongoni. Dawa yake, maana uongo wangu alishautambua, ni mambo mawili tu: niiambie kamati kwamba nilidanganya, na nimpelekee Mzee Obadia haki yake. Hataki kitu kingine.

Nimeapa. Nimemshika mtoto kidole, nimeapa. Nitasema.

Jumamosi, 28 Septemba

Mkutano wa kamati. Nilisimama. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, limekaa tayari. Twaha ananitazama kwa heshima, maana tangu siku ile ananiona muungwana. Nikafungua mdomo, nikasema Nyapara alikuwa mgonjwa kweli, ila nimemponya mwenyewe, kwa mizizi.

Mtume! Mizizi imetoka wapi?

Watu wakaguna kwa kushangaa. Mmoja akauliza mizizi ni bei gani. Nikasema elfu tano, akasema mbili, tukapatana tatu. Nilikuwa bado nafurahia biashara hiyo Twaha aliposimama. Kasema kumbe ugonjwa ulikuwa wa kweli, basi kamati ilifanya vyema, na kwa usalama wa watoto wetu marufuku iendelee mpaka mvua za masika.

Masika! Mpaka mwakani!

Jioni Mwaija kapiga simu kutoka Mashewa. Nyuma nilimsikia mtoto, kasauti kama ka kuku. Kauliza kama nimesema. Nikamweleza habari ya mizizi, na zile elfu tatu. Kisha kasema, bila hasira, kwamba masharti yake ni yaleyale, hayapungui hata kidogo. Niseme, nilipe, arudi. Nisiposema, nisimtafute.

Nikaona hapa inatakiwa akili. Ukikubali bei ya kwanza umekwisha. Nikamwambia kama ni hivyo abaki hukohuko na mtoto, mimi sina shida. Nikakata simu.

Kisha nimekwenda lambo mwenyewe, nimerudi na ndoo ya Nyapara kichwani. Shingo inauma. Kainywa yote, kaniangalia, ikabidi nirudi nikalete nyingine.

Simu nimeiweka juu ya sabufa, nione ikiwaka. Sauti iko juu kabisa, chaji imejaa, mtandao upo. Ataniita tu. Mbinu hii haijawahi kunitupa.