Kutoka kwa Mujibu wa Kanuni

Kwa niaba ya Idara ya Milango na Njia za Kutokea, ninayo heshima kuutangazia umma wa Nyeri, na wa miji yote inayouzunguka Mlima, kwamba tendo la kutoka sasa limepata mwenyewe. Zamani mtu aliyekuwa dukani alitoka tu, kama mbuzi atokavyo zizini, bila utaratibu wala usimamizi. Mimi Mwai, Katibu wa Idara, nilikuwepo siku hizo zilipokomeshwa. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, kwa sababu mjini kuna watu wanaoyaeleza vibaya, tena wakicheka.

Chanzo kilikuwa moto ulioteketeza ghala la mitumba katika mji wa jirani. Hakufa mtu. Wafanyakazi wote walipitia mlango wa nyuma, uliofunguka kwa kusukumwa tu. Wananchi walimshukuru Mungu, sisi tukaunda kamati. Mkurugenzi wetu, Bwana Mburu, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuzindulia mabomba ya maji, alitupeleka kuyaona majivu. Akayazunguka, mikono nyuma, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiria: watu wote hao walitoka kwa ruhusa ya nani?

Hakuna aliyejua. Kanuni zetu zilizaliwa pale pale, kando ya majivu.

Kanuni zilitaka kila jengo la biashara liwe na mlango wa dharura unaofungukia nje, wenye upana wa kupitisha watu wawili wasiopendana, na juu yake neno TOKA kwa herufi nyekundu. Hadi hapo tulikuwa tumenakili sheria ya ujenzi kama ilivyo. Mchango wetu wenyewe ulikuwa kifungu cha mwisho: ili mlango huo usitumiwe ovyo, utafungwa kwa waya mnene wenye sili, yaani kipande cha risasi chenye nembo ya Idara, na sili hiyo itakatwa na afisa wa Idara peke yake, baada ya Mkurugenzi kutangaza kwamba dharura ipo. Waya ulifungwa upande wa nje. Ungefungwa ndani, watu wenye hofu wangeuchezea.

Kutoka Kianyaga hadi Giakanja, wafanyabiashara walitii. Mwenye baa mmoja hata alitushukuru hadharani, kwani wateja wake walikuwa na tabia ya kupotelea nyuma kila wake zao walipotokea mbele.

Aliyetusumbua alikuwa Rasila, mjane wa asili ya Kihindi mwenye duka la vitambaa na sare za shule karibu na soko. Mji mzima humwita Mama Karan, kwa jina la mwanawe. Alizaliwa hapa hapa Nyeri, na Kigikuyu chake kinashinda changu mimi niliyelelewa kwenye nyumba za serikali. Nyuma ya duka lake kuna chumba cha mafundi wa kushona, na fundi mkuu ni Ngendo, mwanamke anayetembea kwa magongo tangu utotoni. Mama Karan ndiye aliyeiweka cherehani ya Ngendo pale ilipo, hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma.

Nilikwenda na Yasin, askari wa Idara, aliyebeba waya na koleo. Nilimsomea Mama Karan Kanuni zote kwa sauti, naye akasikiliza mpaka mwisho huku akikunja sketi za buluu. Kisha akataka kujua ni nani atakayetangaza dharura moto ukianza. Nikamwambia, Mkurugenzi. Akauliza itakuwaje kama Mkurugenzi amesafiri. Nikamwambia, naibu wake. Akauliza kama naibu naye hashiki simu. Nikamweleza kwamba Kanuni hazikutungwa kwa ajili ya mambo ya simu.

"Bwana Mwai," akasema, "mimi niko na mtu hapa hawezi kukimbia. Mlango yangu haiwezi kufungwa na mtu ako nje. Andika vile unataka."

Ngendo hakuinua kichwa. Aliendelea kushona kola, ila niliona amenyoosha mkono na kuyavuta magongo yake karibu na kiti. Nilijisikia vibaya kidogo, hali ambayo Kanuni hazikuiruhusu wala kuikataza.

Basi tukalifunga duka. Tukatia mnyororo mlango wa mbele, tukabandika tangazo; wa nyuma, ambao kwa Kanuni ni wa kutokea tu, tukauacha. Ilikuwa Januari, majuma ya wazazi kuhangaikia sare, na Mkurugenzi aliona huo ndio msimu mzuri wa kutoa funzo.

Wazazi waligundua uchochoro wa nyuma kabla hata gundi ya tangazo haijakauka. Wakawa wanaingia kwa mlango wa kutokea, jambo ambalo ni kosa bila ubishi. Yasin akatumwa uchochoroni kumkamata yeyote atakayeonekana akiingia. Alisimama huko siku nzima katika baridi ile inayoteremka kutoka Mlimani, na jioni akarudi mikono mitupu. Kila aliyeonekana mlangoni, alisema, alikuwa ametazama nje.

Mkurugenzi akamwuliza kama hakuona hata mmoja anayeingia.

"Niliwaona, mkubwa," Yasin akajibu. "Walikuwa wanaingia kinyumenyume."

Mwanasheria wetu alizipekua Kanuni kurasa zote. Hazikusema lolote kuhusu visigino.

Mkurugenzi akaamua kujibu kwa hafla. Jengo jipya la Idara limepakana na duka la Mama Karan, na mlango wa dharura wa ukumbi wetu unafungukia uchochoro ule ule. Huo ungekuwa mlango wa mfano kwa eneo lote la Mlima. Waheshimiwa walialikwa, wenyeviti wa masoko, wachungaji, na kwaya ya akina mama. Mbele ya wageni wote Yasin alikaza waya kwenye mlango mwekundu, akaibana sili, watu wakapiga makofi. Kisha tukazunguka, tukaingia ukumbini kwa mlango mkubwa ili kusikiliza hotuba. Yasin aliagizwa kwenda kulinda mnyororo wa Mama Karan upande wa barabara, na kuzima simu yake kwa heshima ya hafla.

Wapishi walikuwa wakikaanga kuku barazani, kwenye mlango mkubwa. Mkurugenzi alikuwa ndiyo kwanza anaeleza tofauti kati ya kutoka na kutoroka, sufuria ya mafuta ikashika moto. Moto ukapanda kwenye mapazia na vitambaa vya mapambo, na kabla mchungaji hajafunga mdomo, mlango mkubwa ulikuwa ukuta wa ndimi za moto. Wapishi walikimbilia barabarani, salama kabisa, bila kibali chochote.

Sisi tulikimbilia neno TOKA. Mlango ulifungukia nje kama sheria isemavyo, upana wa kidole kimoja, kisha waya ukaushika. Ulikuwa waya bora. Niliona ni wajibu wangu kupaza sauti na kuwakumbusha wageni kwamba dharura ilikuwa bado haijatangazwa.

"Natangaza!" Mkurugenzi akapiga kelele kutoka chini ya meza.

Sasa alihitajika afisa aliye nje, na huko alikuwepo Yasin peke yake, asiyeruhusiwa kuuacha mnyororo bila amri. Tulimpigia simu. Sauti ya kike ikatuambia kwamba mteja tunayempigia hapatikani kwa sasa.

Moshi hauna itifaki. Ulishuka kutoka darini ukatuinamisha wote sawasawa, wenye suti na wenye kanga. Mama mmoja wa kwaya alikuwa akipiga mlango kwa viganja, akiwaita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, ingawa hawakuwepo. Mimi niliweka shavu sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikukumbuka kifungu chochote.

Ngendo ndiye aliyetusikia kwanza, kupitia ukuta. Tulisikia magongo yake yakija juu ya saruji ya uchochoro, kisha sauti ya Mama Karan ikiwaita wazazi walete maji na mchanga. Katika upenyo wa mlango lilitokea jicho la Ngendo.

"Rudini nyuma kidogo," akasema. "Mkisukuma, waya inakaza."

Hakuna aliyerudi. Kila mmoja alisubiri aliye chini yake kwa cheo aanze. Ndipo yule mama wa kwaya alipoacha kupiga mlango, akawashika waheshimiwa kwa makoti na kuwavuta nyuma kama anayeng'oa viazi. Ngendo akaingiza makasi yake ya kukatia vitambaa, akautafuna ule waya, akapumzika, akautafuna tena, mpaka ukakatika.

Mkurugenzi alitoka wa kwanza, kwa magoti, akipita juu ya mguu wa mama wa kwaya. Tukafuata sote. Hakufa mtu. Wazazi waliuzima moto kwa ndoo, baadhi yao wakiwa na sare mpya wamezibana kwapani.

Ngendo aliketi kwenye kizingiti akiyatazama makasi yake. Makali yalikuwa yamemeguka kama meno ya mzee. Mkurugenzi alipokwisha kukohoa na kunywa maji ya Mama Karan, alinyoosha tai akauliza nani aliyekata sili ya Idara.

"Ni mimi," Ngendo akasema.

"Na mimi ndiye nilimwambia akate," Mama Karan akasema, ingawa sote tulijua hakumwambia.

Wakashtakiwa wote wawili. Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani, na wengi walikuwa watu wa kwaya. Ngendo alikaa wima, magongo mapajani, na Mama Karan alimshika mkono muda wote. Shahidi mkuu alikuwa Mkurugenzi. Hakimu, mwanamke mpole mwenye miwani, alimwuliza alikuwa wapi moto ulipowaka. Akajibu kwamba alikuwa ndani ya ukumbi.

"Ulitoka kwa mlango gani?" hakimu akauliza.

Mkurugenzi akapiga hesabu. Mlango mkubwa ulikuwa unawaka. Akisema alipitia mlango wa dharura, atakuwa ametoka kwa mlango uliokatwa sili kinyume cha sheria, kosa ambalo adhabu yake aliichagua mwenyewe. Akisema sili ilikatwa kihalali, kesi hakuna.

"Mheshimiwa," akasema, "sikutoka kwa mlango wowote."

"Kwa hivyo hukutoka."

"Kwa mujibu wa Kanuni, sikutoka."

Hakimu akaandika polepole. Kisha akaitupilia mbali kesi, akisema shahidi ambaye bado yumo ndani ya jengo jingine hawezi kutoa ushahidi mahakamani. Kwaya ikaanza wimbo kabla hajasimama. Wiki hiyo hiyo nyaya zilikatwa kutoka Kianyaga hadi Wang'uru, kwa koleo, panga na meno ya misumeno, na Idara haikuweza kuchukua hatua, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kutangaza hakuwepo, na naibu wake hakushika simu.

Mkurugenzi aliamini amejiokoa, mpaka aliporudi kazini. Makao makuu walikuwa wameisoma hukumu. Afisa aliyemo ndani ya ukumbi ulioungua, walieleza, hawezi kuwa mezani pake, na sahihi yake ni ya mtu mwingine. Nikateuliwa kukaimu. Nilimshauri kama rafiki kwamba aingie ukumbini na kutoka tena kwa utaratibu, lakini jengo lile limepigwa marufuku, na haruhusiwi mtu kuingia.

Gari lake bado ni haki yake, kwa hiyo kila asubuhi hupelekwa mbele ya ule ukumbi kumngoja atoke. Jana nilimpita amesimama kando ya barabara, mvua ikimnyeshea, akilitazama gari lake. Dereva alimwona, akampungia mkono kwa heshima, kisha akaendelea kumsubiri.