Sura ya Tano Ni Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Mjukuu wangu amelizwa. Nani kamliza? Yule wa Kitabu! Ndivyo ninavyomwita mhariri anayempa kazi mjukuu wangu. Mjukuu huchora picha za vitabu vya watoto. Mimi humwita Mke Mwenza, maana babu yake, enzi za uhai wake, alimpenda kuliko alivyonipenda mimi.

Nilikuwa nafua uani, dirisha li wazi. Sikutega sikio. Sikio lilijitega lenyewe. Nikamsikia akisema kwenye simu kwamba sura nne zimekubaliwa, ila sura ya tano imemshinda, hana wazo hata la dawa. Akaomba muda. Akapewa mpaka Jumamosi, la sivyo kazi inakwenda kwa mchoraji mwingine, bwana mmoja wa miwani. Akakata simu. Akalilia mkono wa blauzi.

Nikaacha mapovu, nikaingia chumbani kwake alipokwenda kunawa uso. Nikahesabu karatasi alizobandika ukutani. Muuza mkaa. Kinyozi. Fundi viatu. Fundi cherehani. Sura nne kamili! Fundi cherehani, jirani yetu, mwanamke mwenye uso kama pasi iliyopoa, yumo. Mimi niliyemfuta huyu mtoto kamasi, simo.

Nikajitazama kwenye kioo. Sura ya tano hii hapa. Mbali anatafuta nini?

Shule sikwenda. Herufi nilizipata kwake, akiwa darasa la kwanza, tukikaa wote sakafuni na daftari moja. Sasa ni zamu yangu kumwonyesha kitu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeoga. Nimepaka wanja. Nimevaa gauni la harusi ya mwanangu wa pili. Zipu imegoma katikati, nikaifunika kwa mtandio. Nikaketi mbele ya meza yake, macho mbali, kama mtu mwenye mawazo mazito. Nusu saa! Shingo ikakakamaa. Hatimaye akanyanyua kichwa. Akaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia asiniletee maswali, achore. Akacheka kidogo. Akasema yeye mawazo huyachota kwenye maisha ya kila siku: mtu yuko katika shughuli zake, hajui kama anatazamwa. Mtu akiwa kawaida tu.

Kumbe! Mbona hakusema? Kwa ukawaida hakuna wa kunishinda.

Mchana nikachambua maharage mbele yake, kikawaida kabisa. Shida moja. Maharage ya siku hizi huja masafi, hayana hata jiwe. Sasa nichambue nini? Nikatia changarawe mwenyewe, kumi na mbili, nikaanza kuzitoa moja moja kwa madaha. Hakunichora hata kidole. Jioni, chakula mezani, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetoa tisa tu. Nilikumbuka niliposikia "ka!" kinywani mwake.

Jino limepona. Mapenzi yetu ndiyo yamepata ufa kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Fundi cherehani amejua. Amejuaje? Nilimwambia. Lakini nilimwambia ili aumie, si ili aje!

Amekuja asubuhi na mapema, poda hadi masikioni. Anadai sura ya tano nayo ni yake, mashavu yake yanachoreka. Nikamwambia tayari anayo moja ukutani, inatosha. Akasema mtu anaweza kuwa na mbili. Nikamwambia hilo mtaa mzima tunalijua, kwamba ana sura mbili, ndiyo maana hakuna anayempa siri. Akaniuliza: "Hii basi kanipa nani kama si wewe?"

Kuna maswali ya utovu wa adabu.

Akakalia kiti cha dirishani, chenye mwanga, akapinda suruali ya watu hadi saa saba. Mke Mwenza hakumwona yeye wala mimi. Alikuwa anachora na kufuta, anachora na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamuuliza kinachomshinda. Akanipa habari ndefu ya bata wawili wanaogombea beseni moja. Eti kila akiwachora wanatoka kama mito ya kulalia. Sikuifuatilia. Bata na sura wapi na wapi? Maskini, ni uchovu.

Alhamisi, 12 Juni

Hila! Nimemwambia fundi kwamba leo mchoraji atachorea kwa kinyozi, awahi. Katoka mbio, ndala moja nyekundu, moja buluu. Dirisha likabaki langu! Nikaketi, nikashona kifungo kilekile mara nne.

Mke Mwenza akachukua penseli. Moyo wangu ukaruka. Akachukua na viatu. Akasema humu ndani hapati pumzi, anatoka akatafute wazo mtaani.

Alikwenda wapi? Kwa kinyozi.

Karudi na ukurasa mzima wa fundi, kalala fofofo kwenye kiti cha kunyolea, mdomo wazi, udenda umeshuka. Kaubandika ukutani. Sasa fundi anazo mbili! Mimi bado sufuri.

Lakini mtoto mwenyewe hana raha. Picha hiyo ni nzuri, anasema, ila haimsaidii. Ameanza kukusanya rangi zake kama mtu anayehama. Kaniambia labda yule bwana wa miwani anaijua kazi kuliko yeye. Nikamwambia akirudia neno hilo nitamchapa na mwiko. Kisha nikamkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Ijumaa, 13 Juni

Vita!

Fundi kaingia saa mbili asubuhi bila hodi. Anadai nilimtuma kwa kinyozi ili atokwe udenda mbele za watu. Nikakiwahi kiti cha dirishani. Naye akakiwahi. Tukakikalia wote wawili, kalio moja moja. Nikamsukuma kwa nyonga. Akanisukuma. Nikamwambia mishono yake imepinda kama tabia yake. Akaniambia zipu yangu Jumanne ilikuwa inaomba msaada. Nikaikamata tepu ya kupimia iliyomning'inia shingoni. Akakikamata kitambaa changu cha kichwa. Kiti kikasalimu amri! Tukashuka sote hadi chini, juu ya beseni la nguo nilizoloweka, maji yakaenda mpaka chini ya kabati.

Mlangoni, Mke Mwenza.

Nikajua leo tunatimuliwa. Badala yake akaketi sakafuni, palepale kwenye maji, akaanza kuchora kama mtu anayekimbizwa. Sisi aibu ikatushika, tukaachiana. Akapiga kelele: "Msiache! Bibi, msukume tena!"

Jamani, kugombana kwa kuombwa ni kazi ngumu. Tulijitahidi. Fundi akaninong'oneza nimvutie upande wa kulia, ndiko kwenye mwanga. Nikamvuta. Sina roho mbaya.

Jumamosi, 14 Juni

Imekubaliwa! Yule wa Kitabu kapiga simu mwenyewe, kacheka mpaka nikamsikia nikiwa uani. Bwana wa miwani akatafute pengine. Mke Mwenza akaninyanyua, akanizungusha, nikamtukana kwa furaha.

Nikadai kuiona sura yangu. Akanionyesha. Bata wawili, beseni moja. Mmoja ana tepu shingoni. Mwingine ana kitambaa kichwani kilichokwenda upande, mdomo mpana kuliko beseni, makalio juu kama kichuguu.

Nikamuuliza sura yangu iko wapi. Akanikalisha, akanieleza taratibu kwamba sura ni sehemu ya kitabu, kama chumba katika nyumba, na hii ndiyo sura ya tano, ya bata. Nikamwacha amalize. Kitabu kina sura, na pua kinayo? Mtoto hajapumzika wiki nzima. Nikampa chai.

Fundi naye akaja kutazama. Akasema yule bata wa kitambaa ni mimi mtupu. Nikamwambia yule ni yeye, kavishwa kitambaa changu ili asitiriwe. Akasema nyani haoni kundule. Nikamwambia afadhali amejitambua.

Jumapili, 15 Juni

Heri sikio langu! Wamezungumza tena kwenye simu. Kitabu kinakwenda kuchapwa, lakini kuna tatizo: mgongo wake ni mwembamba, jina la mchoraji halitaenea. Mke Mwenza anataka jina lake liwepo. Yule wa Kitabu anasema basi upatikane mgongo mpana. Mtoto kasema hajui utatoka wapi.

Utatoka wapi! Mgongo huu umebeba kuni, maji, watoto saba, na yeye mwenyewe mpaka akaota meno. Jina lake litaenea, na la ukoo wake wote.

Nimeketi mlangoni toka saa tatu, nimeigeuzia nyumba mgongo. Fundi amepita, akauliza kulikoni. Safari hii nimekuwa mjanja. Sikumwambia kitu. Nimemwambia tu kwamba wanatafuta mgongo.