Wageni wa Kutoka Mbali Sana

Jumatatu, 4 Agosti

Kosa la watu wengi ni kungoja imani itikisike ndipo waanze kutafuta mtu wa kuituliza. Mimi nimeanza leo, kabla ya chai.

Redio imetangaza asubuhi. Wataalamu wenye darubini kubwa wameona dalili za uhai kwenye hewa ya sayari moja ya mbali. Dalili tu. Mtangazaji aliisoma habari hiyo kati ya bei ya mafuta na matokeo ya mpira, kwa sauti ileile. Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia mke wangu kwamba leo waumini dunia nzima hawatapata usingizi. Akaniuliza kama nimeiona miwani yake.

Hapa lazima nieleze. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi. Kila Jumapili baada ya ibada hufundisha darasa la watu wazima katika chumba cha nyuma ya kanisa. Wanafunzi wangu ni mke wangu, fundi saa, na yeyote aliyekimbia mvua. Kiongozi wa kwaya, ambaye sote tunamwita Besi kwa sababu ya sauti yake na tumbo linaloibeba, anakitaka chumba changu kwa mazoezi. Mchungaji ameniambia kwa upole kwamba Jumapili hii atakuja kulitazama darasa, kisha ataamua. Upole wake ndio unaonitisha.

Sasa imekuja sayari. Watu watayumba. Watauliza, kama kuna wengine huko juu, sisi ni nani? Watahitaji mtu mtulivu, msomi, mwenye chumba. Nimekwisha kuandika somo la kuwafariji. Kurasa nyingi. Besi hana hata moja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezunguka mtaa mzima kutafuta waliotikisika. Hakuna.

Kinyozi ameuliza kama viumbe hao wana nywele. Nilipomwambia haijulikani, habari ikamtoka akilini. Mama Mwenyekiti, anayeongoza umoja wa kina mama kanisani, nimemkuta anapaka rangi ukuta. Amesema aliyeweza kuumba nyigu hashindwi na kitu, na kama sina shughuli basi nimshikie ngazi. Nimemshikia ngazi.

Besi ndiye aliyeniudhi. Alikuwa ameshasikia na amefurahi. Anasema kama wapo, lazima wanaimba. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba sauti haiwezi kupita kwenye anga tupu. Akasema hata masomo yangu hayapiti, na chumba ninacho.

Hitimisho: kabla ya kuwatuliza watu hawa, itabidi kwanza niwatikise. Kidogo tu. Kwa upendo.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya tangazo. Asubuhi nzima imeishia kwenye neno moja. "Watu" haliwezekani, maana haijathibitishwa. "Viumbe" lina matatizo. Kwa umbo liko pamoja na viti na vikombe, lakini kwa kuwa linataja wenye uhai tunasema viumbe hawa, si viumbe hivi. Je, kama ni ukungu tu unaopumua? Tutasema hawa au hivi? Nilimweleza mke wangu suala hili mpaka akaenda sokoni bila kuwa na kitu cha kununua.

Mwishowe nikachagua "wageni". Neno safi, la heshima, halina ubishi wa ngeli. Nimebandika kwenye mlango wa kanisa, kwa herufi kubwa:

WAGENI WA KUTOKA MBALI SANA. JE, TUKO TAYARI? JUMAPILI BAADA YA IBADA, CHUMBA CHA NYUMA.

Sijafika getini, watu walikuwa wameshakusanyika wanasoma. Nyuso zina wasiwasi. Imeanza.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Mwenyekiti amekuja nyumbani na wenzake wawili. Wamekataa kuketi. Alitaka kujua wageni ni wangapi. Nikasema hakuna anayejua, huenda ni mabilioni. Akasema Mwalimu, mimi nauliza kwa ajili ya mchele.

Ndipo nikaelewa.

Hapo mtu mwaminifu angesahihisha. Nilifungua mdomo. Lakini yeye akaendelea kwamba viti vimeshaazimwa, kila mtu amesema atakuja, na chumba cha nyuma hakitoshi, itabidi tutumie ukumbi mkubwa. Nikaufunga mdomo.

Nataka ieleweke kwamba sikusema uongo hata mara moja. Wanatoka wapi? Mbali, kiasi kwamba hata mwanga hutumia miaka kufika. Akasema basi watakuwa hoi, waandaliwe mahali pa kujinyoosha. Wanakula nyama? Haijulikani. Akaamua maharage. Wanasali kama sisi? Nikasema mama, hilo ndilo swali lenyewe. Akasema wasali wasisali, watakula kwanza.

Walipoondoka, mke wangu aliuliza kama amesikia alichosikia. Nikamwambia ndiyo. Amesema Jumapili hatakaa karibu nami.

Jumamosi, 9 Agosti

Besi amewafanyisha wanakwaya mazoezi ya wimbo wa kupokea wageni, uani, juani. Ananipungia mkono kama rafiki. Inauma kidogo.

Mchungaji naye amepita. Hakupata barua yoyote ya ugeni, kwa hiyo ana hofu kwamba ni ukaguzi. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni askofu. Nikasema si askofu, ingawa siwezi kuthibitisha kwamba huko wanakotoka hawana maaskofu. Alicheka kidogo, kisha akaenda kunyoa ndevu.

Jumapili, 10 Agosti

Ukumbi umejaa hadi madirishani. Mstari wa mbele viti vitupu, vimefunikwa vitambaa vyeupe. Kwaya imesimama tayari, midomo nusu wazi. Nikapanda jukwaani na kurasa zangu, nikaanza na historia ya darubini.

Nilipofika kwenye sayari, Mama Mwenyekiti aliinua mkono wenye mwiko. Akauliza, kwa hiyo hawaji? Nikasema kwa kasi tunayoijua, hapana. Nikaongeza haraka kwamba swali la msingi ni hili: ikithibitishwa kwamba wapo, imani yetu itasimama wapi? Akasema itasimama palepale, ila yeye miguu inamuuma, amesimama jikoni tangu alfajiri. Ukumbi ukaangua kicheko. Besi akicheka, viti hutetemeka.

Nikaingia kwenye hoja nzito. Viumbe hawa, nikasema. Besi akaniomba nifafanue, kiumbe ni nini? Swali la sarufi. Nikaling'ang'ania. Linatokana na kitenzi umba, nikasema, na kiumbe ni kile kilichoumbwa. Akauliza, sasa Mwalimu, hao viumbe wako wameumbwa na nani? Ukumbi mzima ukamjibu. Nikaona kurasa zangu zinakufa mkononi, moja baada ya nyingine.

Ndipo fundi saa akasimama. Huyu huwa hasemi. Mkewe alifariki mwaka jana. Akasema wenzake wanacheka, lakini yeye habari hii imemtikisa.

Naandika ukweli: nilifurahi. Nilimtazama mchungaji kuhakikisha amesikia.

Fundi saa akasema kwamba saa zikimjaa mezani, ile ndogo husahaulika kwenye droo. Kama Mungu ana dunia zote hizo, yeye anayeomba kila jioni habari za mtu mmoja tu, anasikilizwa na nani?

Nikapekua. Nilikuwa na wanafalsafa wa kutosha. Nikamsomea sentensi moja ndefu kuhusu nafasi ya mwanadamu katikati ya nyota. Kabla haijaisha nilijua kwamba haimhusu. Nikazikunja kurasa.

Mama Mwenyekiti aliweka mwiko chini, akaenda kuketi kando yake, kwenye kiti cha mgeni. Akasema, baba, mimi nina watoto saba, na kila siku nawachanganya majina. Naanza na la kwanza, nayapitia yote, mpaka nalifikia la yule aliye mbele yangu, naye ameshachoka kuitika. Lakini mmoja wao akilia chumba cha pili, taa imezimwa, sijawahi kukosea ni yupi.

Fundi saa alicheka, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kiti.

Halafu maswali yakafumuka kila kona. Huko nako kuna dhambi? Nani aliwapelekea habari njema? Besi akasema kama hawajaanguka kama sisi, tuwaache hivyohivyo, tukifika tutawaharibu. Kinyozi akasema labda wao ndio wanaotuombea. Walibishana mpaka maharage yakaisha. Nilinyoosha mkono mara mbili. Sikupewa nafasi.

Uamuzi wa mchungaji: darasa linaendelea, tena katika ukumbi mkubwa. Litaongozwa na Mama Mwenyekiti. Chumba cha nyuma ni cha Besi. Mimi nimeshukuriwa kwa tangazo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari usiku kucha na kosa nimelipata. Niliruhusu maswali.

Bahati nzuri, gazeti la leo lina makala inayosema kwamba jua letu nalo litazimika. Imetaja mabilioni ya miaka kabla ya hapo, lakini kwenye tangazo nafasi ni finyu. Nimeandika: TAA KUU ITAZIMIKA. JE, UMEJIANDAA? NJOO KWA MWALIMU, CHINI YA NGAZI ZA UKUMBI. Mke wangu ameisoma rasimu, akauliza kama nataka mtaa mzima ukanunue mishumaa. Nimemweleza kwa subira kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayeelewa hivyo.

Nawe utakayeikuta shajara hii, kama umenyang'anywa chumba na darasa lako, usikae kulalamika. Leo hii, kabla mlango wa kanisa haujafungwa, nenda kabandike tangazo.