Meneja wa Madirisha wa Ofisi ya Ilomba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Kompyuta ya chama chetu cha walimu wastaafu imewaka bila meneja wa madirisha. Wenzangu wakataharuki. Mimi nikaeleza. Meneja ni programu inayoyapanga madirisha kwenye skrini na kuyapa fremu. Asipokuwepo, yanarundikana kona moja kama darasa lisilo na kiranja. Nilieleza kwa dakika arobaini tu. Mama Severina akauliza kama itapona kabla ya Jumamosi. Jumamosi tunachagua katibu. Ukatibu ni wangu, mwaka wa tisa huu. Mwalimu Kalinga, aliyehamia juzi tu kutoka Iringa, anautaka. Maskini.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi! Nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika amri ya kumwita meneja, nikabonyeza Enter. Fremu zikarudi. Makofi. Nami, mwalimu wa miaka thelathini na minane, sitoki darasani bila kufuta ubao: nikalifunga lile jeusi. Fremu zote zikatoweka. Kalinga alikuwa mlangoni, bila shaka.

"Kamwene, Mwalimu Fanueli," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Lile jeusi usilifunge. Meneja anaishi humo. Ukilifunga, anakufa nalo."

Mwalimu wa jiografia huyo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimebuni mbinu. Nikampisha Kalinga aitengeneze mwenyewe, aumbuke mbele ya watu. Akaandika amri ileile, akalisogeza dirisha jeusi pembeni, akaliacha wazi. Uchafu ulioje! Kompyuta imefanya kazi siku nzima. Bahati.

Jumamosi, 14 Juni

Wanachama thelathini na wawili. Majina ya wagombea yako kwenye skrini, na pembeni lile jeusi, wazi kabisa. Nilivumilia hadi mwisho wa sala ya kufungulia kikao. Kisha nikainuka nikalifunga. Majina yakafunikwa na rundo. Ikabidi kura zipigwe kwa kunyoosha mikono. Kalinga, thelathini na mmoja. Mimi, mmoja.

Mama Severina akasema kwa upole, "Mwalimu, shusha mkono. Tumeshakuhesabu."

Jumapili, 15 Juni

Nimeandika rufaa, kurasa sita. Uchaguzi ulihujumiwa. Naomba iundwe kamati ya kumsaka mhusika. Nimejitolea kuwa mwenyekiti wake. Mshukiwa ninaye tayari. Ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba dirisha lile likifungwa, meneja anakufa.